Genge moja, nafasi tatu: kwa nini Excel, Stata na Python hazikubaliani nani ni wa ngapi

Mdogo wangu anasoma Mlimani, yuko mwaka wa mwisho, na utafiti wake ni wa bei ya maharage kwenye magenge. Juzi usiku kanipigia, saa nne imeshapita, sauti imechoka kabisa: "Kaka, hivi laptopu inaweza kukosea hesabu?" Nikamwambia nitumie faili nione. Kumbe alikuwa anapanga magenge yake kwa bei, lipi la kwanza lipi la mwisho, akaanza na Excel, halafu kwa kuwa msimamizi wake anataka Stata, softwea ya takwimu, akarudia kwenye hiyo, halafu rafiki yake wa darasani akamfanyia kwenye Python ili wahakikishe. Sasa genge moja, bei ile ile ya shilingi 3,200 kwa kilo, Excel inasema ni la 2, Stata inasema la 5, Python inasema la 3.

Na hakuna hata moja iliyokosea.

Hiyo ndo ishu nataka tuifungue leo taratibu, manake nimeshasaidia watu wengi na data zao na naona wengi tunabonyeza komandi ya kupanga nafasi kama vile nafasi imelala mle ndani ya data inasubiri kutolewa. Kwenye data kuna bei tu. Nafasi unaitengeneza wewe kwa kuamua mambo matatu: wa kwanza ni yupi, mwenye kidogo au mwenye kingi, waliofungana unawapa nini, na nani anashindana na nani. Usipoamua, softwea inakuamulia, na kila softwea ina desturi yake.

Tuchukue magenge yenyewe, nayaita kwa herufi ili namba zisichanganye. Yako 8. A anauza 2,800, B na C wote 3,000, D na E na F wote 3,200, G anauza 3,500, na H hakuna bei kwa sababu siku ile mama mwenye genge alikuwa kaenda msibani Tanga. A, B, C, D na H wako Mabibo, E, F na G wako Sinza. Hizi namba zishike kichwani au ziandike pembeni maana tutazirudia mpaka mwisho. Na lile genge lililomnyima mdogo wangu usingizi ni D.

Tuanze na upande wa kuanzia kuhesabu. Wote tumesoma hapa tunajua hili bila kujua kama tunajua. Kwenye ripoti ya shule, aliyepata wastani wa 92 ndo wa kwanza, kubwa inashinda. Ukifika kidato cha nne mambo yanageuka, A ni pointi 1, B ni 2, mpaka F ni 5, wanachukua masomo 7, kwa hiyo mwenye pointi 7 ndo amepasua na mwenye 33 yuko mwisho wa division four. Mtoto yule yule, shule ile ile, karatasi moja inataka namba kubwa na nyingine inataka namba ndogo. Kompyuta haijui unashika karatasi ipi.

Stata wao wamelitatua hili kwa majina ya riadha na mimi napenda sana walivyofanya. Kuna opsheni inaitwa track, yaani mbio, na nyingine inaitwa field, yaani ile michezo ya kurusha na kuruka. Kwenye mbio muda mdogo ndo wa kwanza: mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi wetu alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 sekunde 32.2, John Walker akaja na 3:32.5, Bayi akawa wa kwanza na rekodi ya dunia juu. Kwenye mkuki ni kinyume, umbali mkubwa ndo wa kwanza. Kwa hiyo ukiwa na bei na unataka wa bei rahisi awe wa 1 unaandika

egen nafasi = rank(bei), track

na ukitaka wa bei ghali awe wa 1 unaweka field badala ya track. Ukikumbuka mkimbiaji na mrusha mkuki hutasahau ipi ni ipi.

Excel yenyewe ukiandika RANK bila kusema kitu cha tatu mwishoni inachukulia kubwa ndo ya kwanza, kama ripoti ya shule. Stata isiyopewa opsheni, SPSS na R (nazo softwea za takwimu) na Python zote zinaanzia ndogo. Hapo ndo sehemu ya kwanza ya ugomvi wa D ilipotoka: Excel ilikuwa inahesabu kutokea juu, G mwenye 3,500 ni wa 1, D na wenzake wanafuata kwenye 2. Dawa yake ni kuweka 1 mwishoni:

=RANK(B2,$B$2:$B$9,1)

Na tafadhali zile alama za dola usiziache. Ukiziacha halafu ukaburuta fomula kwenda chini, ile orodha ya kulinganisha nayo inashuka pamoja na wewe, kwa hiyo kila genge linalinganishwa na walio chini yake tu. Kwenye data ya mdogo wangu ambayo ilikuwa imepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa, magenge yote yenye bei yangetoka wa 1. Hiyo angalau unaiona. Data ikiwa imechanganyika unapata namba zinazofanana na ukweli, na hizo ndo hatari.

Haya, sasa waliofungana, na hapa tukae kidogo maana ndo kwenye kiini chenyewe.

D, E na F wote ni 3,200. Mbele yao, kwa urahisi wa bei, kuna watatu: A, B, C. Kwa hiyo hawa watatu wamekalia viti vya 4, 5 na 6. Utawapa kiti gani? Njia ya kwanza, wape wote kiti cha mbele, wote ni wa 4, halafu anayefuata ni wa 7. Hii ndo ya shuleni, wawili wakifungana wa 2 hakuna wa 3, anakuja wa 4. Orodha inakuwa 1, 2, 2, 4, 4, 4, 7. Track ya Stata inafanya hivi, RANK ya Excel inafanya hivi, kwenye R unaandika ties.method = "min", kwenye SPSS ni TIES=LOW.

Njia ya pili, wape wote kiti cha nyuma, wote wa 6: 1, 3, 3, 6, 6, 6, 7. Sijawahi kuona mtu anaihitaji kwa makusudi lakini inakuja yenyewe kwa mlango wa nyuma, nitaeleza hapo chini.

Njia ya tatu, wagawane. Jumlisha 4 na 5 na 6 ni 15, gawa kwa 3, kila mmoja anapata 5. B na C wana viti vya 2 na 3, kila mmoja anapata 2.5. Orodha ni 1, 2.5, 2.5, 5, 5, 5, 7. Hii ndo desturi ya Stata usipoweka opsheni, ndo desturi ya SPSS, ndo ya R, ndo ya Python kwenye pandas, ile maktaba yake ya kushughulikia data. Excel unaipata kwa RANK.AVG. Watu wakiona 2.5 wanashtuka, mdogo wangu aliniuliza genge linawezaje kuwa la pili na nusu, swali zuri kabisa, nalijibu baada ya hii ya nne.

Njia ya nne, usiache mapengo: wenye bei ya kwanza ni 1, wenye bei ya pili ni 2, ya tatu ni 3, ya nne ni 4. Orodha ni 1, 2, 2, 3, 3, 3, 4. Hapa unahesabu bei ziko ngapi, watu huwahesabu. Pandas unaandika method="dense", SPSS ni TIES=CONDENSE, Stata haina opsheni yake ndani ya rank ila unaipata kwa egen nafasi = group(bei). Rafiki yake mdogo wangu alitumia hii, ndo D ikawa ya 3.

Kuna na ya tano, ya kulazimisha: unampa kila mtu namba yake, 1 mpaka 7, waliofungana wanatenganishwa hivi hivi tu. Stata wanaiita unique. Inafaa ukitaka kuchagua labda magenge 5 tu ya kwenda kuhoji, haifai kabisa kwenye jedwali linalosema nani rahisi kuliko nani, kwa sababu utamwambia msomaji D ni rahisi kuliko E wakati bei ni moja.

Turudi kwenye nusu. Kwa nini desturi ya softwea za takwimu ni wastani, wakati duniani hakuna mtu anaitwa wa pili na nusu? Sababu iko kwenye jumla. Chukua 1 mpaka 7 jumlisha, unapata 28. Jumlisha orodha ya wastani, 1 na 2.5 na 2.5 na 5 na 5 na 5 na 7, unapata 28 pia. Jumlisha ile ya shuleni unapata 24, ya kiti cha nyuma 32, isiyo na mapengo 18. Sasa vipimo vinavyotegemea nafasi vimejengwa juu ya ile 28. Frank Wilcoxon mwaka 1945 alitoa kipimo cha kulinganisha makundi mawili ambacho kazi yake ni kujumlisha nafasi za kundi moja na kuuliza kama jumla hiyo ni kubwa au ndogo kupita kiasi. Kabla yake, 1904, Charles Spearman alishaleta njia ya kupima kama vitu viwili vinapanda pamoja kwa kutumia nafasi badala ya namba zenyewe. Ukiwapa hawa nafasi za shuleni, jumla imeshapungua kabla hujaanza. Kwa hiyo nusu ile ni bei ya kulinda jumla.

Na wastani una uzuri mwingine ambao wengi hawaujui. Ukitaka kugeuza upande, wa kwanza awe wa mwisho, chukua 8 toa nafasi. D yenye 5 inakuwa 3, na ukipanga upya kutokea juu kwa wastani utapata 3 hiyo hiyo. Jaribu na orodha ya shuleni: D ya 4, 8 toa 4 ni 4. Lakini ukipanga upya kutokea juu kwa njia ya shuleni D ni wa 2. Umeona? Umegeuza kwa mkono na bila kujua umehamia kwenye ile njia ya kiti cha nyuma, huo ndo mlango niliousema. Usigeuze kwa kutoa, rudi kwenye komandi uiambie ianzie upande mwingine.

Sasa H, aliyeenda msibani. Huyu hana bei, kwa hiyo hana nafasi, basi. Egen rank ya Stata inamwacha wazi, SPSS inamwacha, pandas inamwacha. Kwenye R mimi huandika mwenyewe kila mara bila kutegemea desturi:

rank(bei, ties.method = "average", na.last = "keep")

Tatizo linakuja kwa wale wanaopanga kwa njia ya mkato, unafanya sort bei halafu gen nafasi = _n, yaani nafasi iwe namba ya mstari. Stata inachukulia pengo kuwa kubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo H anakaa chini kabisa anapewa 8, na kwenye ripoti inasomeka H ndo ghali kuliko wote Mabibo na Sinza. Mama wa watu yuko Tanga anazika.

Mbaya zaidi ni aliyejaza sifuri pale pasipo na bei. Nimeiona hii mara nyingi, mtu anaingiza data usiku, hataki kuacha kisanduku kitupu, anaweka 0. Sifuri ni namba, komandi haina kosa, H anakuwa wa 1 kwa urahisi na wengine wote wanasogezwa nyuma hatua moja. Kwenye SPSS iambie mapema kabisa, MISSING VALUES bei (0), ndo upange.

Bado kuna makosa mawili madogo ya kwenye data yenyewe, nayapitia haraka. La kwanza ni namba zilizoingia kama maneno, mtu kaandika 3,200 na koma yake, softwea ikasoma kama neno. Stata itakataa, na bora ikatae. R haikatai, inapanga kwa mtindo wa kamusi, na kwenye kamusi 10000 inatangulia 9000 kwa sababu 1 iko kabla ya 9. Kwenye Stata unasafisha na destring bei, replace ignore(","). La pili ni desimali: kompyuta ukiiambia 0.1 jumlisha 0.2 haipati 0.3 kamili, inapata kitu kinachozidi kidogo sana, kwa hiyo wawili ambao kwa macho wamefungana kwake hawajafungana. Kama bei yako imetokana na kugawa na kuzidisha, izungushe (round) kwanza ndo upange.

Na wanaotumia R, order siyo rank. Ukiwa na 3500, 2800, 3000, rank inakupa 3, 1, 2, yaani kila mmoja ni wa ngapi. Order inakupa 2, 3, 1, yaani nenda ukamchukue wa pili kwanza, halafu wa tatu, halafu wa kwanza. Mara nyingine zinatoka sawa kwa bahati na ndo maana kosa linaishi muda mrefu.

Jambo la tatu, nani anashindana na nani. Hili wanafunzi wengi wanaliruka na mimi naona ndo lenye utajiri kuliko yote. Mdogo wangu alipanga magenge yote pamoja. Nikamwambia hebu panga kila mtaa peke yake:

bysort mtaa: egen nafasi_mtaa = rank(bei)

Kwenye SPSS ni RANK VARIABLES=bei (A) BY mtaa, na nafasi zinatokea kwenye safu mpya inaitwa Rbei. Kwenye pandas unaanza na groupby. Matokeo: Mabibo A ni 1, B na C ni 2.5, D ni 4, wa mwisho, ghali kuliko wenzake wote waliokuwa na bei. Sinza E na F ni 1.5 kila mmoja, G ni 3. Sasa angalia D na E. Bei yao ni ile ile 3,200. Mmoja kwao ndo ghali kuliko wote, mwingine kwao ndo rahisi kuliko wote. Mteja wa Mabibo anapita kwa D anasonya, mteja wa Sinza anasimama kwa E anafungua pochi. Alinyamaza kidogo kwenye simu halafu akasema, "Kaka, hii ndo nilikuwa naitafuta." Utafiti wake unauliza kwa nini watu wanahama genge, na mtu hahami kwa kulinganisha na genge la mtaa asiofika.

Ila ukipanga kwa makundi chunga ukubwa wa kundi. Wa 3 kati ya 3 na wa 3 kati ya 40 siyo ndugu. Ndo maana ripoti za shule zinaandika nafasi kati ya wangapi. Kama unataka kulinganisha makundi yasiyolingana geuza nafasi iwe asilimia, SPSS ina /PERCENT, pandas ina pct=True, na Stata unagawa mwenyewe nafasi kwa idadi ya wenye bei, wenye bei tu, H usimhesabu. Kama unataka matabaka, mafungu manne au matano ya kufanana, kuna xtile Stata na NTILES SPSS. Usishangae xtile ikikupa mafungu yasiyolingana idadi, haiwezi kuwatenganisha waliofungana na inafanya vizuri kutowatenganisha.

Na nafasi inatupa kitu njiani, ujue unachokitupa. Kutoka A mpaka B ni shilingi 200, kutoka F mpaka G ni 300, kwenye nafasi umbali huo umeyeyuka. Bayi na Walker walitofautiana sehemu 3 za kumi za sekunde, kwenye orodha ni 1 na 2, na wangetofautiana nusu dakika ingekuwa 1 na 2 vile vile. Wakati mwingine kutupa huko ndo msaada: mdogo wangu angeandika bei ya G 35,000 kwa kuteleza sifuri moja, wastani wa bei ungeharibika vibaya, lakini nafasi ya G ingebaki 7. Kwa hiyo kama swali lako ni nani anatangulia, panga. Kama swali ni kwa shilingi ngapi, baki na bei.

Tulimaliza kama saa sita kasoro. Kwenye jedwali lake sasa D ana safu mbili, 5 kati ya 7 kwa magenge yote na 4 kati ya 4 kwa Mabibo, na chini ya jedwali kaandika mstari mmoja: nafasi 1 ni bei ndogo, waliofungana wamepewa wastani, genge H halikuwa na bei siku ya kupima. Nikamwambia jumlisha ile safu ya kwanza kabla hujalala. Akajumlisha kwa sauti nikiwa namsikia, ikatoka 28.